Popi wa Mwalimu Jonathan

Yuliana alikwenda Masasi kununua dawa ya kuku, akarudi Chiungutwa na mbwa asiyetakiwa na mtu.

Shadrack, daktari wa mifugo mwenye duka la dawa, alikuwa na ua nyuma ya duka lake ambako watu waliacha mbwa wao: watumishi waliohamishwa, wapangaji waliokatazwa kufuga, wenye mbwa aliyegongwa na bodaboda. Aliwatibu, akawachanja, akawatafutia wenyewe wapya. Msimu wa korosho ulipokaribia wakulima walikuja kuchagua walinzi wa mashamba, wakaondoka na madume yenye sauti nzito. Popi hakuna aliyemwuliza. Alikuwa jike la makamo lililokwisha kuota mvi mdomoni, jicho moja limeingia ukungu, na mguu wa nyuma akiuburuta. Wageni wakifika, wenzake walirukaruka. Yeye aliinua kichwa, akawatazama mmoja mmoja, akakilaza tena.

Shadrack alikuwa anakwenda Newala kwa wiki tatu kuchanja mbwa vijijini. Wengine wote walikuwa wamepata pa kukaa.

"Mama Rose, nishikie huyu tu mpaka nirudi," akaomba.

Yuliana hakuwa mtu wa mbwa. Lakini tangu mumewe Anselmo afariki, na binti yao Rose akiwa ameolewa Kitangari huko juu, nyumba ilikuwa imempwaya. Akasema wiki tatu si nyingi.

Popi hakumsumbua, wala hakuwa na habari naye. Alikula ugali wa muhogo na dagaa kwa adabu ya mgeni, kisha akaenda kukaa pale njia inapoingilia uani. Kila pikipiki ilipopita alisimama, ikishapita, akakaa. Yuliana alimwita kwa Kiswahili, akamwita kwa Kimakua, akampigia mluzi. Aligeuza sikio moja, basi. Jirani yake Somoe, Mwislamu aliyeshika dini, hakumgusa mbwa yule, ila alimletea vichwa vya samaki na kumrushia kwa mbali. Ndiye aliyesema kwamba huyo si kiziwi, ana mtu wake.

Neno lile lilimwingia Yuliana. Yeye mwenyewe, mwaka wa pili sasa, alikuwa bado anasonga ugali wa watu wawili.

Akampigia Shadrack kuuliza. Mwenye mbwa alikuwa mwalimu Jonathan, Msukuma, aliyefundisha Masasi miaka sita kisha akahamia kwao Kwimba kumwuguza mama yake. Mbwa alimwachia jirani, na jirani hakukaa naye hata mwezi. Yuliana akaomba namba. Alipiga akiwa amejiandaa kumsema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, ninaye mbwa wako."

 Yule mwalimu akauliza kama mguu wa Popi bado unamuuma siku za baridi. Hasira zote za Yuliana zikamwishia hapo. Jonathan akamweleza kwamba basi lilikataa kumbeba mbwa, kwamba alikusudia kumrudia likizo, kwamba mama yake alipooza upande mmoja na likizo zikapita. Baadaye aliona haya kuuliza, akiogopa kuambiwa amekufa. Akaomba Popi aisikie sauti yake. Yuliana akafungua spika, akainama na simu.

"Popi, nzugu," Jonathan alisema kwa Kisukuma. Njoo. "Nzugu, Popi."

Popi alisimama mwili mzima. Akazunguka nyumba, akaingia jikoni, akanusa viti na nyuma ya pipa la maji, akarudi mbio akiburuta mguu. Akaitazama simu, akamtazama Yuliana. Kisha akalia, sauti nyembamba isiyofanana na ya mbwa. Wale wawili walikata simu bila kuagana.

Kesho yake Yuliana alilijaribu neno lile mwenyewe. Nzugu. Popi akaja, kwa mara ya kwanza, akaweka kichwa gotini pake, huku jicho zima likiangalia nyuma ya bega lake. Yuliana alielewa kwamba yeye ni mlango tu, ambapo mtu mwingine huenda akatokea. Hakuona vibaya. Akaweka mkono shingoni mwa mbwa, akauacha hapo.

Siku zikasogea, Popi akaanza kuja bila kuitwa, na usiku akalala kizingitini. Alimfuata shambani, akalala kivulini chini ya mkorosho wakati yeye anaokota. Shadrack aliporudi kutoka Newala, Yuliana alimwambia asihangaike kuja kumchukua.

Wiki iliyofuata Jonathan akapiga. Binamu yake Lameck alikuwa analeta lori la mchele Masasi, na angerudi na nafasi.

"Ukikataa sitakulaumu, mama," akasema. "Mimi ndiye niliyemwacha."

Yuliana akamwambia atamjibu kesho. Mchana ule wote alipanga maneno ya kukataa, na yalikuwa maneno mazuri, ya kweli. Mbwa mzee, safari ndefu, ameshazoea. Jioni pikipiki ikapita njiani, na Popi, aliyekuwa amelala miguuni pake, akanyanyuka. Yuliana akaangalia ule mgongo uliosimama. Anselmo hakuwa na lori la kumrudisha. Jonathan alikuwa nalo.

Siku lori lilipofika, alikodi bajaji, akampeleka Popi Masasi. Lameck alikuwa ametandika gunia nyuma ya kiti, lakini Popi aligoma kupanda. Walimvuta, akajilaza chini. Yuliana akaona hakuna namna. Akapanda yeye ndani ya lori, akakaa kwenye kiti, akasema, "Nzugu." Popi akapanda mara moja, akajibana ubavuni pake. Yuliana akamkumbatia, kisha akashuka kwa mlango wa upande wa pili na kuufunga kwa mkono wake mwenyewe. Hakugeuka mpaka mlio wa lori ulipopotea.

Siku ya nne Jonathan alipiga. Popi amefika. Alijikojolea kwa furaha, na sasa halali ila miguuni pa mwalimu.

"Ila, mama," akaongeza, "kila mwanamke anayekuja kumjulia hali mama yangu, Popi anamwendea, anamnusa khanga. Akishanusa anarudi kulala."

 Neno hilo lilimuuma Yuliana, na ndani ya maumivu yale alifurahi, akaona haya kufurahi. Mwishowe akauliza anakula nini huko, wakazungumza habari za chakula mpaka salio likaisha.

Shadrack alimwalika aje aangalie mbwa wengine. Alikataa, akisema korosho zimeanguka nyingi, na ilikuwa kweli. Usiku alikuwa bado anapitisha mguu polepole kizingitini, asije akamkanyaga mtu.

Desemba, mavuno yalipokwisha, alivaa khanga safi, akapanda gari la Masasi, akamkuta Shadrack dukani. Akamwuliza ni yupi ambaye watu hawamwulizi.

Shadrack akachukua ufunguo wa ua.