Kijiko Katika Sanduku la Mawe

TANGAZO. Watumishi wote wanaarifiwa kwamba siku ya Jumanne, saa tano na dakika kumi asubuhi, kijiko kimoja cha chai, cha chuma, chenye uzi mwekundu kwenye mpini, kilionekana ndani ya sanduku la mawe ya mizani ya daraja la kwanza. Mwenye kijiko ajitambulishe kwa maandishi kabla ya Alhamisi. Kijiko kimehifadhiwa.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha mizani na kwenye mlango wa choo, kwa kuwa hapo ndipo watumishi wa Idara ya Vipimo walipozoea kusimama muda wa kutosha kusoma. Mwenye kijiko hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa mkaguzi wa mizani, na kwa miaka ishirini na miwili ya utumishi wake wenzake walikuwa wakimwita Tani. Wiki tano kabla ya tangazo, madaktari walikuwa wameondoa sehemu kubwa ya mfuko wake wa chakula na kumwachia kipande chenye unene wa ndizi. Jina hawakuliondoa.

Watu walidhani alikubali kisu kwa ajili ya sukari, au kwa ajili ya magoti. Sukari na magoti vilikuwa kwenye faili, lakini shauri lilikatwa mahali pengine. Chini ya kila mizani ya magari makubwa kuna shimo, na ndani ya shimo hilo ndimo mkaguzi anamoona kama nguzo zimeoza au kama mwenye mizani ameingiza kitu kisichohusika. Mlango wake una upana wa sentimita hamsini na tano. Kwa miaka sita Tani, ambaye mlango huo haukumtosha, alikuwa akisimama juu, akiuliza vijana waliokuwa chini wanaona nini, kisha akitia sahihi kwamba ameona mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumlaumu, na hilo lilimkera kuliko lawama. Mwishoni mwa mwezi kulikuwa na ukaguzi wa mizani kubwa, na kwenye orodha ya watakaoshuka aliandika jina lake kwa mkono wake.

Kilichobaki kilikuwa kula. Mtaalamu wa lishe, binti mpole mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea, alikuwa amempa utaratibu: wiki mbili za vimiminika, mbili za chakula kilichosagwa, kisha chakula laini, mara sita kwa siku, kila mara kisizidi nusu kikombe, taratibu, bila kuteremshia maji. Tani alitii kila neno isipokuwa kikombe. Kikombe, kwa mtu wa taaluma yake, ni uvumi. Alipima nusu kikombe cha uji kwenye mizani ya jikoni, akapata gramu mia moja na ishirini, akaandika kwenye daftari, na tangu hapo hakula kitu chochote kilichopungua au kuzidi hapo.

Kwa uji na supu hesabu ilikwenda vizuri. Jumanne ilikuwa siku yake ya kwanza ya yai na samaki. Saa nne alikaa kwenye meza yake katika chumba cha mizani, mahali ambapo kula kulikatazwa kwa maandishi, kwa kuwa kantini ilifunguliwa saa saba tu. Alipima kwa kijiko gramu mia moja na ishirini za yai na samaki waliopondwa, akatafuna kila kijiko mara thelathini kama alivyoagizwa. Baada ya kijiko cha sita alihisi kitu kama kidole kikimbonyeza chini ya mfupa wa kifua. Kwenye sahani zilibaki gramu sitini na tatu. Alizitazama, akazila. Muda si mrefu kidole kikawa ngumi. Tani aliinuka, akakitumbukiza kijiko kwenye kitu cha karibu kilichokuwa wazi, akakimbilia choo, na huko alirudisha yote.

Kitu cha karibu kilikuwa sanduku la mawe ya daraja la kwanza, yale ambayo mizani yote ya nchi huhakikiwa kwayo, na ambayo hayaguswi hata kwa kidole. Hushikwa kwa kibano.

Jumatano alikuwa mbele ya mtaalamu wa lishe.

"Ulikula kiasi gani, baba?"

"Gramu mia moja na ishirini."

"Nani alikwambia gramu?"

"Ulisema nusu kikombe. Nimekitafsiri."

Binti alifunga faili taratibu. "Uji unateremka, baba. Samaki anakaa. Na nusu kikombe ni mwisho, si deni la kulipa. Nilikwambia uache pale tumbo linaposema basi. Lilisema?"

"Lilisema kwenye kijiko cha sita."

"Ukafanyaje?"

"Tumbo halijahakikiwa," alisema Tani.

Binti hakucheka, na Tani hakuwa ametania. "Ukitapika tena kwa kulazimisha, tunarudi kwenye supu wiki mbili. Na kwa nguvu za supu sikuandikii ruhusa ya kuingia shimo lolote. Umenielewa?"

Alielewa. Jioni alimweleza mkewe, aliyekuwa akiponda yai kwa uma kana kwamba yai limemkosea.

"Miaka yote nakupakulia kwa jicho," alisema mkewe, "na hujawahi kurudisha sahani."

"Ndiyo maana nimekatwa, mke wangu."

"Usinisingizie mimi. Sahani nilikupa, mdomo ulikuja nao kutoka kwenu." Akasogeza bakuli mbele yake na kuondoa ile mizani ya jikoni mezani. Akaiweka juu ya kabati, ambako angehitaji ngazi. "Kula. Ukishiba sema."

Alikula vijiko vitano. Akasema. Neno lilimtoka kwa shida, kama la mtu anayekiri kosa kituoni. Mkewe alichukua bakuli bila kutazama kilichobaki, na Tani akalala akiwa na wasiwasi wa kitaaluma.

Alhamisi saa tatu na nusu kamati ilikaa. Walikuwa watatu: Mkuu wa Idara; mama mtunza vifaa, ambaye ndiye aliyekiona kijiko na hakuwa amepata usingizi tangu hapo; na mkaguzi wa pampu za mafuta, aliyeitwa Lita, rafiki wa Tani tangu chuoni. Kijiko kilikuwa mezani ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri.

"Mzee mwenzangu," alianza mama mtunza vifaa, "yale mawe nayafuta kwa brashi ya manyoya. Mimi mwenyewe nikiwa na mafua siingii. Wewe unayawekea yai."

"Nakiri, mama. Nimekosa, na nimeandika."

"Yai la kuchemsha au la kukaanga?" aliuliza Lita.

"Linahusu nini?" alisema Mkuu.

"Mafuta, Mkuu. La kukaanga lingekuwa na mafuta."

"La kuchemsha," alisema Tani. "Ninaomba jambo moja. Niruhusiwe dakika ishirini, saa nne na saa tisa, na mahali pa kukaa. Si lazima chumba cha mizani. Hata chini ya ngazi nitakula."

"Chini ya ngazi ni njia ya dharura," alisema Mkuu.

"Basi stoo."

"Stoo yangu?" alisema mama mtunza vifaa, na mjadala wa stoo ukaishia hapo.

Saa ya ukutani ilifika nne. Tani alitoa kibakuli mfukoni, akakiweka mbele ya kamati na kuomba kielelezo, yaani kile kijiko.  Kanuni hazikusema lolote kuhusu kula ndani ya kikao, kwa hiyo Mkuu alivunja lakiri. Tani alikifuta kijiko na kuanza.

 Mama mtunza vifaa, bila kujijua, alihesabu midomo ikitembea: thelathini, kisha tena thelathini. Kijiko cha pili. Cha tatu. Kwenye cha nne Lita alimeza mate kwa niaba yake. Kwenye cha tano kidole kikagusa chini ya mfupa wa kifua, kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kibakulini kilibaki zaidi ya nusu. Mkono wa Tani uliinuka nusu njia kwa mazoea ya miaka hamsini. Akaushusha. Akakilaza kijiko pembeni na kufunika kibakuli.

"Hujapima kilichobaki," alinong'ona Lita.

"Kimebaki," alisema Tani.

Alikaa wima, mikono magotini, akisikiliza kama yai litatulia. Lilitulia. Orodha ya watakaoshuka shimoni ilikuwa bado ukutani nyuma ya Mkuu, na jina lake lilikuwa la tatu.

Kamati ilishauriana kwa dakika arobaini, kisha Mkuu akasoma uamuzi:

"Kwa kuwa kijiko husika kimetumika ndani ya chumba cha mizani kwa ajili ya kupimia, kitasajiliwa kuwa kifaa cha upimaji cha Idara, kitapewa namba, na kitahakikiwa kila mwaka. Kwa kuwa ni kifaa cha upimaji, hakitaruhusiwa kutumika kwa chakula. Ombi la mahali pa kulia limepokelewa, na litajadiliwa na kamati ya kantini pindi kamati hiyo itakapoundwa."