Kondoo wa "Perhaps"

Zefania wa Ulemo aliiomba Serikali ya Mfalme kitu kimoja tu: lambo la kuhifadhia maji. Ng'ombe wake walitembea kutwa kufuata maji, wakarudi na kiu ileile waliyoondoka nayo. Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, alipokuja barazani alimsikiliza kwa heshima zote, akavuta kiko, kisha akatoa neno moja: "Perhaps."

Watu wakamgeukia Damiani, karani mkalimani, kijana aliyekula chaki za Tabora mpaka akavimbiwa. Mwingine angesema "labda" akakaa. Damiani? Thubutu!

"Neno hili lina ukoo, wazee wangu. Kichwa chake Waingereza walikiazima kwa Kilatini, maana yake 'kwa'. Mkia wake walipewa na watu wa kaskazini, wenye meli, maana yake 'bahati'. Bwana anasema lambo litapatikana kwa bahati."

"Kwa hiyo haliko mkononi mwake?" Zefania akauliza.

"Liko kwa bahati, mzee."

"Sasa huyu tunambembelezea nini?"

Bahati ya maji pale Ulemo ilikuwa na njia yake, tena ya tangu boma halijajengwa: kondoo mweusi wa tambiko. Zizini mwa Zefania alikuwemo mmoja. Mkewe Lea alimkuta akimfunga kamba.

"Baba Kristina, unachinja kondoo kwa ajili ya neno?"

"Lina bahati ndani. Karani kasema."

"Na karani ana kondoo?"

Kondoo akachinjiwa bondeni, wazee wakanena ya kunena. Damiani akala paja zima, kwa ajili ya elimu bila shaka.

Mvua ikaja, haikuja kwa adabu. Bonde likajaa, ng'ombe wakanywa karibu na mlango, na Zefania akatembea kifua mbele kana kwamba Kiingereza alikitunga yeye.

Bwana Shauri akarudi, buti zikizama matopeni. Akayatazama maji, akawatazama ng'ombe walioshiba, akasema maneno marefu. Damiani akawageukia wazee.

"Anawapongeza. Anaona maji mnayo. Lambo atawapelekea wenye shida."

"Mwambie hili ni dimbwi! Kiangazi kikifika, hata vyura watahama!"

Damiani akatafsiri. Bwana Shauri akavuta kiko, akafikiri, akajibu kwa neno moja.

Zefania hakungoja tafsiri. Alimpima karani kuanzia kofia hadi viatu.

"Safari hii, mwanangu, kondoo utatoa wewe."