Alivyokiita Choo Chetu

Kaka yangu Sep alikuwa na siku tano ndani ya kibanda cha njiwa, amejikunja kama mzigo, kwa sababu jiwe alilorusha langoni pa mgodi lilimpasua askari kichwa. Wakimkamata, miaka mitatu jela, na mama yetu asingeimaliza hiyo miaka. Tulipanga aondoke Jumatatu. Jumamosi mchana nikafungua mdomo.

Mgomo ulikuwa umeingia mwezi wake wa tano. Wakati huo Fallowlaw nzima, kijiji chetu cha makaa ya mawe kaskazini mwa Uingereza, ilikuwa inanusa wageni kama mbwa. Kwa hiyo Reuben Maddock alipotufikia Alhamisi na barua ya kamati ya Widdrop, kijiji kingine cha mgodi cha Durham yetu, akisema ametumwa kusaidia jiko la mgomo, tulimpokea kwa mkono mmoja. Alipewa kitanda kwa mjane Tamar Stobbart, jirani tunayechangia naye choo. Alikata viazi vizuri. Hakuongea sana. Alisema amezaliwa Widdrop, amelelewa Widdrop, ameingia mgodini Widdrop akiwa na miaka kumi na mitatu.

Jumamosi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma nikifunga kamba za viatu, Reuben akatoka jikoni kwa Tamar ameshika tumbo. Ufunguo haukuwepo msumarini.

"Mama Tamar! Ufunguo wa dunnekin uko wapi jamani?"

Kamba zikanitoka mikononi.

Mtu wa huku kwetu Durham, na wa kaskazini yetu pia, choo cha uani anakiita netty. Mskoti atasema cludgie, wa Lancashire atasema petty, na tumewacheka wote mpaka wakaacha. Neno hilo mtu hajifunzi, analinyonya. Na dunnekin nililijua. Ni la mikoa ya kati, kule ambako watu walikuwa wameanza kurudi kazini, kule yalikotoka malori yenye turubai yaliyojaa wavunja mgomo.

"Umekiitaje?" nikamuuliza.

Akanitazama. Uso ukamfifia kama shati lililochemshwa.

"Netty," akasema. "Nimesema netty."

Laiti angecheka ningemwacha. Lakini alijirekebisha, na mtu hajirekebishi kama hana anachoficha. Ndivyo nilivyofikiri. Mama yangu akatoka chooni muda huohuo, akampa ufunguo, naye akaingia akajifungia. Mimi nikakimbia hadi kwa Mzee Jobling, mwenyekiti wa kamati ya mgomo.

Sikutembea, nilikimbia, na nilipiga kelele njia nzima: "Tuna jasusi! Kwa Tamar! Tuna jasusi!" Ndivyo nilivyokuwa. Maneno yalikuwa yananitoka kabla sijayapima, na watu walikuwa wananisifu kwa hilo.

Jobling alikuja na wanaume wanne. Walijipanga mbele ya mlango wa choo, na mmoja akazunguka nyuma, kwenye kile kidirisha cha chuma ambacho watu wa mkokoteni huchotea majivu na mavi.

"We Maddock," Jobling akaita. "Umezaliwa wapi?"

"Niache nimalize, mzee."

"Umezaliwa wapi?"

"Widdrop. Nimeshasema."

"Lanty hapa anasema umekiita choo kwa jina la watu wa kati."

Nikaukaribia mlango, nzi wakanizunguka.

"Toka mwenyewe," nikamwambia, "au tukutoe kwa tundu la nyuma, na huko hupiti mkavu!"

Wanaume wakacheka, lakini si kicheko cha kufurahi. Yule wa nyuma akakifungua kidirisha, kikalia kama nguruwe. Mtu aliyewahi kupitishwa humo miaka ya nyuma, kwa kosa la kurudi kazini wakati wa mgomo, alihama kijiji siku ileile na mkewe akabaki.

"Mna wazimu nyie?" Tamar akapaza sauti kutoka mlangoni kwake, mwiko mkononi. "Mtu anaharisha mnamfanyia baraza? Lanty Hepple, mjinga mkubwa we!"

"Mama Tamar, huyu anajua mengi kuliko tunavyodhani."

"Anajua kumenya viazi! Wewe unajua nini?"

Nikamjibu kwa sauti, naye akanijibu kwa sauti zaidi, madirisha ya mtaa yakaanza kufunguka. Jobling akaniambia, "Punguza, kijana." Sikupunguza. Nikaupiga mlango teke mara mbili.

Ndipo tukasikia kengele ya baiskeli.

Konstebo Ord aligeuza kona ya uchochoro polepole, mguu mmoja ukiburuta ardhini. Makelele yangu yalimfikia hadi barabara kuu. Akasimama hatua kumi kutoka kwetu, na nyuma yake, juu ya ukuta, ndipo kilipokuwa kibanda cha njiwa. Kati ya mbao mbili za kibanda kile niliona kitu cheusi kikitulia. Zilikuwa nywele za kaka yangu.

"Mkutano?" Ord akauliza. "Mkutano wa watu zaidi ya watatu unahitaji kibali siku hizi, mnajua?"

Nilijua kinachofuata. Reuben angetoka, angemwona Ord, na angesema yote aliyotumwa kusema. Mimi ndiye niliyemwitia Sep askari.

Komeo likafunguliwa. Reuben akatoka akifunga mkanda, amelowa jasho.

"Afande," akasema, "ungechelewa kidogo ungekuta vita. Mimi ndiye mpishi wa jiko la mgomo. Nimewapa supu ya kabeji ya juzi. Choo kimoja, matumbo saba." Akamgeukia Jobling. "Haya mzee, wewe wa kwanza. Nisamehe."

Jobling alisimama sekunde moja tu. Kisha akaingia, akafunga mlango, na mzee wa watu akaguna humo ndani kwa nguvu zake zote.

Ord alicheka mpaka kofia ikalegea. Lakini akiwa anacheka, macho yalikuwa yanatembea: kwangu, kwa Tamar, kwenye ukuta. Yakakaa kwenye kibanda.

"Nitarudi na wenzangu saa kumi," akasema. "Tupitie nyumba za mtaa huu. Kawaida tu."

Akapanda baiskeli akaondoka. Ilikuwa saa tisa kasorobo.

Jobling alipotoka, alimshika Reuben kola. "Hilo la supu halijakusafisha. Mtu mwerevu angefanya hivyohivyo."

"Mama yangu ni wa Derbyshire, mikoa ya kati," Reuben akasema. "Alikuja Widdrop kuolewa. Nyumbani tulisema dunnekin, na shuleni nilipigwa kwa neno hilo mpaka nikaliacha. Tumbo likinishika nasahau nilipo." Akaitoa mikono ya Jobling taratibu, kidole kimoja kimoja. "Na kuhusu huyo mliyemficha kwa njiwa, nimejua tangu Alhamisi. Mama Tamar anapeleka sahani mbili za viazi kule kila siku. Njiwa gani anakula viazi vya kuchemsha? Ningetaka kumuuza, angekuwa ameshauzwa."

Tamar akafunika mdomo kwa mwiko.

Basi ikawa juu yangu. Wote walinitazama, maana Sep ni damu yangu. Dakika zilikuwa zinakwenda. Huyu mtu angeweza kuwa mwema. Angeweza pia kuwa mwerevu, kama alivyosema Jobling. Sikuwa na uthibitisho, nilikuwa na siku mbili za kimya chake tu, na zangu mimi zilikuwa siku za kupayuka.

"Widdrop watampokea?" nikamuuliza.

"Dada yangu atampokea."

Nikapanda ukutani nikamtoa Sep. Alikuwa ananuka, miguu haimkubali. Tulimvalisha koti la marehemu mume wa Tamar na kofia iliyoshuka hadi puani. Kisha nikakamata njiwa sita, nikawatia kwenye kikapu cha mazoezi. Wanaume wawili na kikapu cha njiwa barabarani Jumamosi, kwetu hakuna asiyewajua: wanakwenda kuwarusha mbali ili warudi. Askari huwapisha.

Sep alitaka kunikumbatia. Nikamwambia, "Nenda, pumbavu," kwa sababu sikujiamini. Kwa Reuben nilitaka kusema neno, na lenyewe lilikuwa fupi, lakini nikainama kukaza kamba ya kikapu. Aliniitikia kwa kichwa, akashika upande mmoja wa kikapu, Sep akashika wa pili.

Ord alirudi saa kumi na dakika tano na wenzake wanane. Walivunja mlango wa kibanda, wakakuta sahani, blanketi, na joto la mtu. Ord akatoka na manyoya begani, akanijia mpaka nikaona mishipa ya macho yake.

"Yule mpishi yuko wapi?"

Mama yangu alikuwa anafagia ua. Jobling alikuwa ameegemea ukuta, ananitazama mimi, amekaza taya, akingoja nilipuke kama siku zote.

"Nimekuuliza. Wewe ndiye mwenye mdomo hapa. Yule mtu ni nani, ametoka wapi?"

Akanipiga kofi. Nikaonja damu. Ord akasubiri, akanipiga la pili, na mimi nikaendelea kuyabana meno, nikihesabu kimoyomoyo maili ambazo Sep na Reuben walikuwa wameshakwenda.