Nusu ya Fundi Cherehani

Kila asubuhi, kabla sijanywa chai, naifungua chupa ya kioo aliyoniachia kitindamimba wangu. Ndani mna chachu: unga na maji tu, vilivyoachwa vikachacha vyenyewe. Nusu naitoa. Inayobaki naiongezea vijiko vitatu vya unga na maji ya uvuguvugu, nakoroga, nafunika kwa kitambaa.

Alipokwenda kufanya kazi ng'ambo, tumbo lake likiwa ndiyo linaanza kuonekana, alinipa chupa hiyo mlangoni badala ya kunikumbatia. Tungekumbatiana asingeondoka. "Mama, ilishe kila siku," alisema. "Nusu unatupa."

Nitupe unga? Sikulelewa hivyo. Nusu nikawa nampelekea fundi cherehani wa mlango wa pili, aokee mkate.

Huu mwaka wa nne. Kila Jumapili mwanangu hupiga simu ya video, na kabla ya salamu husema, "Nionyeshe kwanza." Nasogeza chupa, anatazama mapovu, ndipo ananiamkia. Mjukuu wangu namjua kwa simu hiyohiyo. Sijambeba hata siku moja. Mwezi huu waliahidi kuja. Mwanangu alisema mkate wa kwanza atakaoula nyumbani utoke kwenye chupa yake.

Mke wa mwanangu mkubwa alikuja kunisaidia maandalizi. Jumatano nilirudi kutoka zahanati nikaikuta chupa imeinamishwa dirishani, inang'aa.

"Nimekuoshea na ile chupa, Mama. Unga wake ulishaharibika, ulikuwa unanuka."

Nikakaa kwenye kigoda. Sikumgombeza. Alikuwa amesugua jiko zima, hata sufuria nilizokwisha kuzikatia tamaa. Nilipomweleza akaanza kulia, ikawa kazi yangu kumbembeleza.

"Twende kwa fundi," nikasema. "Yeye anaoka kwa chachu hiyohiyo."

Fundi alisikiliza, kisha akashusha macho kwenye cherehani yake. "Bibi, nikikwambia ukweli hutanifukuza ujirani?"

"Sema."

"Mkate sijaoka hata mmoja. Tanuri lenyewe sina. Unga wako nabandikia karatasi za mitindo, hizi ninazokatia nguo. Gundi ya dukani haifui dafu kwake."

"Miaka yote minne?"

"Ulikuwa unauleta na tabasamu, Bibi. Ningeanzia wapi?"

Mke wa mwanangu akacheka, machozi bado yanamtoka. Fundi akainama chini ya meza, akatoa kopo. Ndani, pembeni ya brashi, ilibaki gundi ya asubuhi hiyo, kama vijiko viwili, imenasa kipande cha uzi mwekundu. Nikainusa. Harufu ilikuwa yenyewe, ya tunda lililoiva kupita kiasi.

Tuliirudisha chupani, tukailisha unga na maji. Siku ya kwanza haikufanya kitu. Mke wa mwanangu aliomba ailishe yeye, akawa anapima maji kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto. Siku ya tatu chachu iliumuka mpaka ikagusa kitambaa. Jumapili nikaoka mkate wa kujaribia.

Simu ililia ndiyo kwanza nautoa tanurini. Mwanangu hakusema nionyeshe.

"Mama, likizo wameisogeza mbele. Mpaka mwakani."

Mkate ulikuwa mezani, moto, ganda lake likipasuka taratibu kila linavyopoa, sauti kama mvua inayoanza juu ya bati.

"Basi sikiliza," nikamwambia, nikausogeza kwenye simu.

Nikamwona anafuta macho kwa mkono wa sare yake ya kazi, kisha akaipeleka simu sikioni kwa mtoto.

Mkate ukapoa, sauti ikaisha.

"Tena, Bibi," mtoto akasema.

Nikaubonyeza kwa vidole, ukatoa sauti kidogo. Nikaubonyeza tena upande wa pili.

Kesho yake niliilisha chupa, nikampelekea fundi nusu yake. Nilimwambia abandike karatasi zake bila wasiwasi, ila kijiko kimoja akibakishe koponi mpaka mwakani.