Mama Paka

Leo ni siku ya tisa Chérie hajaniita mama. Ana miaka sita. Akitaka chumvi anasema, "Chumvi iko wapi?" kana kwamba anauliza ukuta. Nilijifungua mapacha miezi miwili iliyopita, usingizi sina, mgongo unaniuma, na bado kila asubuhi nauza mchele kando ya barabara hapa Sange. Nguvu za kumbembeleza mtoto aliyenuna nizitoe wapi? Lakini nasema ukweli, kunyamaziwa huku kunaniuma kuliko mgongo.

Mwalimu wake, Déborah, ndiye aliyetuletea kitabu. "Soma naye, Claudette. Ni wivu tu, utaisha." Chenyewe ni picha tupu na maneno mawili matatu chini. Mwanamke ana mbwa. Siku moja analeta paka. Mbwa anaona wivu, anamwaga maziwa ya paka, anaficha kiatu, anajikunja chini ya meza. Mwishoni wote wawili wanalala kwenye mto mmoja. Mbwa kwenye mto! Kwetu mbwa analala nje na hana la kusema. Nikasoma hivyohivyo.

Nimesoma labda mara ishirini, Bukuru yuko kwenye titi, Butoyi yuko mgongoni. Kila tukifika kwa mbwa aliye chini ya meza, Chérie anaweka kiganja juu ya picha, hataki tuendelee. Nikadhani shida ni maziwa. Nikaanza kumpa kikombe cha maziwa yanayoshuka kutoka milima ya Rurambo, mimi nikinywa chai kavu. Alikunywa, akafuta mdomo, akaenda zake. Nikadhani ni mapaja. Nikawalaza mapacha kwenye mkeka, nikampakata yeye, miguu yake ikiburuta chini. Alikaa kidogo kama mzigo wa mtu mwingine, kisha akashuka.

Jana mchana nilichoka kabisa nikaruka kurasa tatu.

"Umeruka," akasema.

Nikafoka. "Huyu mbwa anataka nini? Anakula, analala ndani ya nyumba. Juu ya nini haachi kununa?"

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mjinga. Akaweka kidole juu ya yule mwanamke. "Mbele bantu balikuwa banamuita Mama Mbwa. Mbwa njo wa kwanza. Sasa paka alikuja, bote banasema Mama Paka. Juu ya ile mbwa iko anakasirika."

Kitabuni yule mwanamke hana jina lolote. Waliokiandika hawakuwaza hilo, Déborah hakuliwaza, na mimi nilikuwa nimelala macho wazi. Hapa mwanamke anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Miaka sita nilikuwa Mama Chérie, kwenye bomba, kanisani, sokoni. Lakini aliyezaa mapacha hupewa jina jipya, na ni heshima kubwa, watu walicheza na kuimba uani kwetu. Tangu siku ile Sange nzima inaniita Mama Mapacha. Nilifurahi! Nikawa naitika kwa sauti, na mtoto wangu amesimama pale na bidoni yake ndogo ya maji, anasikia. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumwangalia.

Jioni nikamwendea Kankindi, mama mkwe wangu, ambaye Chérie humwita tate, nikamwomba aanze yeye kuniita Mama Chérie, wengine watamfuata. Akapiga makofi kwa mshangao.

"Weye! Jina ya mapacha banakataaka? Unataka bagonjwe?"

Akajifunga kitenge vizuri, akaniacha nimesimama. Na mimi niliogopa, sitaficha: inasemwa jina la mapacha likikataliwa, wao huugua. Wana miezi miwili tu.

Leo asubuhi nimeketi napepeta mchele, mapacha wamelala nyuma yangu, Chérie yuko kando anatoa mawe kwenye mchele uliopepetwa. Watu wanapita, "Mama Mapacha, jambo!" Nikajifanya sisikii. Mteja mmoja akachukia, akaenda kununua kwa jirani. Mwache aende.

Kisha nikamwona Kankindi ng'ambo ya barabara, ana fungu la sombe, majani ya muhogo, kichwani.

"Mama Mapacha!"

Nikaendelea kupepeta.

"Mama Mapacha!"

Majirani wakageuka. Kumnyamazia mkwe mbele za watu ni jambo litakalosemwa mpaka kule Kiringye. Mchele ukawa unamwagika nje ya ungo, lakini kichwa sikuinua. Kankindi akavuka nusu ya barabara, basi likampigia honi, hakusogea.

"Weye Mama Mapacha, uko kiziwi?"

Nikasikia kitenge changu kinavutwa.

"Mama," akasema Chérie. "Mama, tate iko anakuita."

Siku tisa. Machozi yalinijaa nikayaacha.

"Tate anamuita nani?" nikamuuliza.

Akafikiri. Akawatazama wadogo zake waliolala wakigusana vichwa, akamfunika Butoyi mguu uliotoka nje ya kitambaa. Kisha akapanda juu ya gunia la mchele, akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti barabara nzima ikasikia.

"Tate! Mama Chérie na Mama Mapacha, bote bawili bako hapa!"

Kankindi akasimama katikati ya barabara na sombe yake, mdomo wazi. Nami nikaitika.