Sofa Nyeupe ya Marlys

Marlys alinunua sofa ya ngozi nyeupe, akaitunza kama yai. Kila mgeni aliyeingia nyumbani kwao Ohio aliambiwa avue viatu, na ikiwezekana asiikalie kabisa. Paka Mabel hakuambiwa. Alinoa kucha pembeni mara moja tu, Marlys akapiga ukelele ungedhani nyumba inaungua.

"Vernon! Paka wako aondolewe hizo kucha, zisiote tena!"

Na kweli Mabel alikuwa wa Vernon, mumewe. Kila jioni alimpanda kifuani akalala akikoroma, na hiyo ndiyo raha pekee iliyombakia mzee yule tangu astaafu. Lakini Vernon ni miongoni mwa wale wanaume ambao ndevu wanazo, ulimi hawana.

Daktari wa wanyama hakumung'unya maneno. "Si kucha tu, mama. Kila kidole kinakatwa kwenye kiungo cha mwisho, mfupa na yote. Kwa nini msimnunulie nguzo ya kukwaruzia?"

"Nguzo? Iniharibie sebule?" Marlys aligonga meza kwa kucha zake za bandia, ndefu, nyekundu, alizobandikwa asubuhi ile ile.

"Na wewe, mzee?"

Vernon alitazama viatu vyake. "Atakavyo mke wangu." Mwanamume mzima!

Mabel alirudi na bandeji. Mchanga wa beseni lake la kujisaidia ukaondolewa usimwingie vidondani, akawekewa magazeti yaliyochanwa. Vernon alimtilia dawa kinywani kwa bomba, akafunga vyumba asije akarukaruka. Hata bandeji zilipotoka, kila alipokanyaga lile beseni miguu ilimuuma. Akatafuta mahali laini. Nyumba ile ilikuwa na mahali pamoja laini kuliko pote.

"Kaikojolea!" Marlys alilia kama mfiwa. "Sofa yangu!"

Vernon nusura acheke. Aliinama amchukue Mabel, naye akamng'ata mkono hadi damu ikatoka.

"Mimi?" Vernon alishangaa, akamgeukia mkewe. "Si wewe uliyetaka akatwe?"

"Nilitaka, ndiyo," Marlys alisema, akifuta ngozi kwa kitambaa. "Ila mimi sikumbeba kwenda kwa daktari. Wewe ulimbeba kifuani, yeye akidhani ni wakati wa kulala."

 Jioni Vernon alijilaza chali kama kawaida yake, akamwita, akamwita tena. Mabel alibaki chini ya kabati, akimtazama.