Dirisha la Kupigia Magoti

Mama Régina alidai jambo moja tu, nalo lilikuwa nyumba. Mjomba wa binti yake alikuwa amekwisha kupokea posa, padri alikuwa amekwisha kuandika majina mawili katika daftari lake, lakini Mama Régina, kule Kabambare, alimtuma dereva wa kamyo ya pamba na maneno haya: mtoto wake hataolewa na mtu anayelala kwa kaka yake. Placide asimamishe nyumba yake mwenyewe, yenye mlango na dirisha, kabla ya mvua. Yeye atakuja kuiona kwa macho yake. Asiporidhika, atampandisha Cécilia katika kamyo ile ile na kurudi naye.

Cécilia alikuwa anamaliza mwaka wa pili katika shule ya kushona ya masista, hapa Kasongo. Aliposikia ujumbe ule alikaa chini juu ya mizizi ya mti. Placide alikuwa msaidizi wa seremala wa misheni. Alikuwa na nyundo moja, msumeno wa kuazima, na moyo mwepesi kupita kiasi.

"Kabla ya mvua?" akasema. "Mama yako anapenda mchezo."

"Mama yangu hajui mchezo," akajibu Cécilia.

Bahati yao ni kwamba mwaka ule kanisa jipya la matofali lilikuwa limekwisha, na lile la zamani, la mbao na udongo, likaanza kubomolewa. Padri aliwaambia wafanyakazi kwamba mbao yoyote isiyoliwa na mchwa, anayeitaka aichukue. Watu wakakimbilia milango na boriti nzuri. Placide, aliyekuwa juu ya paa siku ile, alishuka akakuta mabaki: mabenchi yaliyovunjika miguu, nguzo fupi fupi, na ndoo nzima ya misumari iliyopinda. Kila alasiri, baada ya shule, Cécilia aliinyoosha misumari ile juu ya jiwe, mmoja mmoja, huku akipuliza vidole vyake. Kutoka karakana ya barabara walipewa mapipa ya mafuta yaliyotobolewa na kutu. Waliyapasua, wakayapigapiga mpaka yakalala kama mikeka, yakawa mabati. Mlango ulitoka katika makasha ya sabuni, na maandishi ya sabuni yalisimama kichwa chini miguu juu, maana Placide alijali mbao, hakujali herufi.

Kikabaki kiti cha maungamo, ambamo padri alisikiliza dhambi za watu kupitia ubao wenye matundu. Hakuna aliyethubutu kukigusa.

"Miye? Nilale na zambi za Kasongo yote?" akasema Octave, jirani yao, mtu mwenye mdomo usiopumzika. "Hapana, ndugu yangu. Zangu zinatosha kujaza nyumba."

Placide alikwenda kumwuliza padri. Padri alicheka mpaka akavua miwani. Mbao ni mbao, akasema, na kanisa jipya lina kiti kipya. Basi Placide akakibeba kichwani, akipita katikati ya soko, na wanawake wakampisha njia kama wanavyompisha mtu aliyebeba jeneza.

Siku ya kukandika, majirani walikuja. Wanaume walikanyaga udongo, wanawake walileta maji, na mama Albertine, mjane wa nyumba ya pili, alisimamia sufuria ya wali na sombe, yale majani ya muhogo, kwa mwiko mkononi, akimpiga kidole kila aliyeonja mapema. Mpaka jua kuteremka kuta zilikuwa zimefunikwa. Zilipokauka ndipo Octave aliposimama barabarani, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule.

"Placide, ndugu yangu. Hii dirisha umewekea kuku?"

Kwa dirisha, Placide alikuwa ametumia ule ubao wa kiti cha maungamo wenye matundu madogo madogo, pamoja na nguzo zake mbili. Nguzo zilikuwa na mitai yake ya zamani, yale mapengo ya kushikia ubao, na fundi wake alikuwa amemfundisha kwamba mtu mwenye akili hachongi mtai mpya pale ulipo mzuri wa zamani. Aliuheshimu mtai. Akasahau kwamba mbele ya ubao ule watu walikuwa wamepiga magoti miaka ishirini na zaidi. Sasa dirisha lilikuwa pale pale lilipozoea kuwa, kimo cha mtu aliyepiga magoti, na kulitoa kungevunja ukuta mzima.

"Mama atasema ni kibanda cha mbuzi," akasema Cécilia, na machozi yakamlenga.

"Bado wiki mbili kabla hajafika. Nitafikiri," akasema Placide.

Alipokuwa bado anafikiri, jambo likaanza. Cécilia alikuwa ndani akipiga sakafu kwa jiwe laini, mama Albertine akaja kuomba chumvi. Hakuona mtu mlangoni, akachuchumaa dirishani, magoti yakamuuma, akayaweka chini. Aliomba chumvi. Kisha sauti yake ikashuka yenyewe.

"Na ile sufuria yenu yenye mkono mmoja, ya siku ya kukandika... iko kwangu, mwanangu."

Cécilia akaliweka jiwe chini. "Asante, mama," akasema.

Kesho yake sufuria ilikuwa mlangoni, imesuguliwa mpaka inang'aa. Siku ya tatu alikuja Octave mwenyewe kutafuta msumeno, akapiga magoti huku akicheka, na mwisho akasema kwamba jogoo wa Placide aliyepotea hakuchukuliwa na mwewe.

"Alikuwa mutamu?" akauliza Placide kutoka nyuma ya mlango.

"Mugumu sana! Nilikwisha kuazibiwa."

Walikuwa bado wanacheka kamyo ilipopiga honi barabarani. Mama Régina alikuwa amekuja siku kumi kabla ya siku yake, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Hakukaa. Hakunywa maji. Alimwambia dereva aende sokoni kupakia magunia, kisha apige honi kumwita, akaanza kukagua. Alisukuma nguzo kwa bega. Alipiga bati kwa fimbo ya kuni. Alisoma mlango wa sabuni kwa kugeuza shingo, akaguna. Placide alimfuata nyuma, mikono mgongoni, bila mzaha hata mmoja. Cécilia alijificha ndani kwa woga, akakaa sakafuni karibu na dirisha.

"Dirisha iko wapi?" akauliza Mama Régina.

"Iko... chini kidogo, mama."

Akazunguka peke yake. Cécilia aliona kitambaa cha mama yake kupitia matundu, halafu magoti, halafu uso.

"Ni nini hii? Mutu anaangalia inje namna gani?" Sauti ilianza kwa ukali. Kisha ikapungua, kama maji yanayochujwa. "Cécilia? Uko humo?"

"Niko, mama."

Matundu yalikuwa madogo. Kila mmoja aliona vipande tu vya mwenzake.

"Nilisema nyumba kwa sababu nilijua hataiweza," akasema Mama Régina. "Musaidizi wa seremala, atatoa wapi nyumba? Nilisema, atachoka, utarudi. Kule Kabambare asubuhi ninasikia ufagio wangu tu. Ninafagia, ninanyamaza, ninafagia tena. Basi."

Cécilia aliweka vidole vyake kwenye matundu. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Nitakuambia namna gani na weye unaniangalia usoni?"

Vidole viwili vyenye vumbi vikagusa vyake kwa upande wa nje. Cécilia alitamani kusema maneno mengi mazuri, lakini lililotoka lilikuwa moja. "Baki."

"Mukwe hakai kwa mutoto wake. Watu watasema."

"Basi usikae kwetu. Kaa pembeni yetu. Placide amejenga moja kwa misumari iliyopinda, atashindwa ya pili?"

Mama Régina alinyanyuka polepole, akipangusa magoti. Placide alikuwa amesimama kwenye kona, uso wake kama wa mtu anayengoja hukumu.

"Mama, ile dirisha, nitaipandisha. Hata kesho."

"Iguse, uone," akasema mama mkwe wake. Akatazama uwanja wa nyuma, palipoota majani tu. "Huu uwanja ni wa nani?"

"Wetu, mama."

Honi ikalia sokoni, mara mbili, ndefu. Mama Régina akavua viatu, akafunga kitambaa vizuri kiunoni, akaanza kupima kwa hatua, kisigino mbele ya vidole, akihesabu kwa sauti.

"Octave!" akaita, ingawa jina hilo alikuwa amelisikia mara moja tu, aliposhuka kamyo. "Kimbia kwa dereva, mwambie aende. Nitapanda kamyo ya baada ya mavuno."

"Mavuno gani, mama?"

"Weye kimbia tu. Saba, nane, tisa... Hapa kitanda. Placide, leta kijiti, usisimame kama nguzo. Na dirisha yangu miye iwe juu. Nataka kuona nani anapita barabarani."